Jeep ya vita iliyolala ghalani miaka 20: nianzie wapi?

Swali:

"Nimepata Jeep ambayo muuzaji anasema ni Willys ya mwaka 1944. Imelala ghalani miaka 20, mita inaonyesha maili 9,000 tu, na kibao cha chuma kwenye dashibodi kina jina la Willys na tarehe. Muuzaji anasema ilikuwa inawaka siku alipoiegesha, na kwamba tukiiunganishia betri itawaka hata leo. Mimi si fundi kwa kazi yangu, ila nina spana, kompresa na subira. Nilitaka kuipiga mchanga bodi yote kisha niipake rangi ya kijani yenye kung'aa ili isishike kutu tena. Muuzaji huyo huyo ana lori la GMC la ekseli tatu, la wakati ule ule wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na bei zake hazipishani sana. Kwa kuwa magari ya jeshi yalijengwa kustahimili taabu, nadhani lolote nitakalochukua halitanisumbua sana. Je, nakosea wapi?"

Jibu:

Ndugu msomaji, swali lako limenifurahisha kwa sababu umeliuliza kabla fedha hazijatoka mfukoni, jambo ambalo miongoni mwetu wapenzi wa magari haya ni nadra. Unataka kujua kama gari ni lenyewe, kama utaliweza, namna ya kulipaka rangi, na kama lori lingekufaa zaidi. Nitayajibu yote, lakini nianze na ile sentensi yako ya mwisho, kwa maana ndiyo iliyobeba kosa kubwa.

Gari la jeshi halikujengwa ili lidumu; lilijengwa ili litengenezeke upesi. Kati ya mwaka 1941 na 1945 viwanda vya Willys na Ford vilitoa Jeep zipatazo 640,000, na hakuna mhandisi aliyekaa kuwaza zitakuwa na hali gani baada ya miaka 80. Kitabu cha maelekezo cha jeshi la Marekani kwa gari hili, TM 9-803 cha mwaka 1944, kilimtaka dereva alikague kabla ya safari, akiwa njiani, kila anaposimama, na baada ya kurudi. Nyuma ya dereva kulikuwa na karakana, nyuma ya karakana kulikuwa na bohari, na bohari ilikuwa na injini nzima nzima zikisubiri kwenye masanduku. Ustahimilivu unaousifu ulitoka kwa watu hao wote. Wewe unanunua gari peke yake, bila jeshi lililokuwa likilihudumia, na kazi yao sasa ni yako.

Nitakupa mfano mmoja ambao utakuhusu moja kwa moja. Chini ya sakafu ya Jeep kuna mifereji ya bati iliyokunjwa ili kuitia bodi nguvu, na ndani ya mifereji hiyo kiwandani walitia vipande vya mbao. Mbao hunywa maji, nayo hayatoki. Bati likaliwa kutoka ndani huku juu pakionekana pazima. Kwa hiyo utakapokwenda kuiona, lala chini na tochi, bonyeza mifereji hiyo kwa ncha ya bisibisi, na usitosheke na kupiga sakafu kwa ngumi kutoka juu kama wanunuzi wengi wafanyavyo. Bisibisi ikizama, ujue sehemu kubwa ya sakafu itakatwa na kuchomelewa upya, na hiyo ndiyo kazi itakayokula miezi yako mingi kuliko injini.

Sasa uhalisi wake. Kibao kwenye dashibodi hakithibitishi kitu, kwa sababu vibao vipya vya mfano wa zamani hutengenezwa na kuuzwa kihalali kwa watu wanaokarabati magari yao, na yeyote anaweza kukipigilia riveti kwa nusu saa. Bodi nayo si ushahidi, kwa kuwa bodi mpya kabisa za mtindo wa wakati wa vita zimetengenezwa Ufilipino kwa miaka mingi. Fremu ndiyo yenye kusema ukweli. Boriti ya mbele inayounganisha pande mbili za fremu, chini ya rejeta, katika Willys ni bomba la duara, ilhali katika Ford ni chuma kilichokunjwa mfano wa herufi U iliyopinduliwa. Namba ya Ford imegongwa juu ya boriti ndefu ya kushoto ya fremu, jirani na injini. Ya Willys iko kwenye kibao kidogo kilichopigiliwa riveti upande wa ndani wa boriti hiyo hiyo ya kushoto, mbele kabisa, nyuma ya bampa. Ukikuta fremu ya Ford yenye kibao cha Willys, usikimbilie kumwita muuzaji mwongo. Karakana za majeshi zilikuwa zikizivua Jeep hadi kubaki vipande, vipande hivyo vikirundikwa pamoja, kisha gari jingine likaundwa kutoka kwenye marundo hayo bila kujali nini kilitoka wapi. Jeshi la Ufaransa liliendelea na kazi hiyo miaka mingi baada ya vita. Ndiyo maana shauku ya wapenzi wa magari ya kiraia kutaka namba ya injini ilingane na ya fremu, kwetu haina uzito mkubwa.

Lipo jambo moja ambalo lina uzito katika bei. Kampuni ya Hotchkiss ya Ufaransa ilitengeneza Jeep kwa leseni, aina ya M201, hadi mwaka 1966, na kwa mtu asiye mzoefu inafanana na ya vita kama pacha. Ni gari zuri, na kwa mtu anayeanza pengine ni zuri zaidi kwa kuwa ni changa. Lakini si ya mwaka 1944, na nyingi zimevishwa alama za vita na kupandishwa thamani. Dalili ya kwanza ni umeme: ya vita ilikuwa na volti 6, M201 za jeshi ni volti 24. Umeme unaweza kubadilishwa, kwa hiyo dalili hiyo isikutoshe. Ichukue pamoja na fremu.

Kuhusu maili 9,000, zisahau. Mita hubadilishwa, na gari la jeshi linaweza kusimama mahali pamoja injini ikinguruma saa nyingi bila mita kusogea hata kidogo. Badala yake, angalia ukamilifu. Injini iliyochoka inatengenezeka, giaboksi linapatikana, lakini kishikio cha sepetu, kifuniko cha tangi, fremu ya kioo cha mbele na vifungo vyake, kila kimoja ukikitafuta peke yake kitakutesa na kukugharimu. Tafuta nakala ya orodha ya vipuri ya jeshi, ambayo kwa Jeep ni kundi G-503, nenda nayo, na uweke alama kwenye kila kilichopungua. Ningenunua Jeep iliyokamilika yenye injini iliyoganda kabla ya kununua ile inayowaka huku nusu ya vipande vyake vimetoweka.

Hapo nafika kwenye ahadi ya muuzaji ya kuunganisha betri. Tafadhali mkatalie, hata kama anaitoa kwa nia njema. Injini hii ya silinda nne, lita 2.2 na nguvu za farasi 60, ina valvu zilizokaa ubavuni mwa bloku, si juu kwenye kichwa cha silinda. Kwa bahati nzuri, valvu iliyoganda ikiwa wazi haigongwi na pistoni. Tatizo liko kwenye ringi. Baada ya miaka 20, ringi za pistoni huweza kushikamana na ukuta wa silinda kwa utando mwembamba wa kutu, na stata ikizing'oa kwa nguvu, ringi moja ikivunjika itachora mfereji ambao hautaondoka mpaka silinda ichongwe upya. Na akija na betri ya volti 12 kwa gari la volti 6, injini itazunguka kwa kasi ya kupendeza, taa nazo zitaungua.

Njia ya salama ni ya polepole. Toa plagi zote nne, mimina mafuta mepesi ya kulainisha kiasi cha vijiko viwili katika kila silinda, acha siku kadhaa, kisha zungusha injini kwa hendeli ya mbele, ukisikiliza mkono wako unachoambiwa. Ikigoma, ongeza mafuta na siku, usiongeze nguvu. Ikizunguka, usiiwashe bado. Shusha sampu, yaani karai la oili chini ya injini, usafishe tope la oili ya zamani pamoja na kichujio cha pampu, kwa sababu tope hilo likivutwa, oili haitafika kwenye beringi. Petroli ya miaka 20 imekwisha kuwa utomvu unaonata, na tangi la chuma lina kutu ndani, kwa hiyo washa mara ya kwanza ukitumia kopo dogo la petroli safi lililounganishwa kwa mpira mpya. Petroli ya siku hizi mara nyingi ina ethanoli, ambayo hulainisha mipira ya zamani na kuvuta maji hewani, basi mipira yote ya mafuta ibadilishe hata inayoonekana mizima. Na tangi lenyewe, likivuja, kamwe usilichomelee mwenyewe. Mvuke uliobaki ndani ya tangi linaloonekana tupu hulipuka.

Injini ikishawaka, watu hufurahi na kutaka kuizungusha mtaani. Subiri. Breki za Jeep ya vita zina njia moja tu ya majimaji kwa magurudumu yote manne: kikombe kimoja cha mpira kikipasuka, kanyagio linazama na hubakiwi na breki ya mguu hata gurudumu moja. Breki ya mkono imefungwa nyuma ya giaboksi la usambazaji, lile linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma, na inabana shafti, kwa hiyo inashikilia gari lililosimama lakini si rafiki wa kutegemewa kwenye mteremko. Silinda zote za breki zifunguliwe, mipira ibadilishwe, mabomba ya chuma yabadilishwe. Kabla ya kuongeza majimaji, jua kilichomo: jeshi la Marekani lilihamia kwenye majimaji ya silikoni, DOT 5, miaka ya 1980, na wapenzi wengi wa magari ya zamani huyatumia kwa kuwa hayanyonyi unyevu wala hayali rangi, ila hayachanganyiki na ya kawaida ya DOT 3 na DOT 4. Kazi hii unaweza kuifanya kwa mikono yako, lakini fundi wa breki mwenye uzoefu aje aikague kwa macho yake kabla gari halijasogea. Hapo sitakuruhusu ujanja.

Oili ya giaboksi nayo ina mtego. Oili za daraja la GL-5 zina viambato vikali vya salfa vilivyokusudiwa gia za difu, na baadhi yake hula shaba njano iliyotumika ndani ya magiaboksi ya zamani. Tumia GL-4 kwenye giaboksi.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi kuhusu wanaoanza ni magurudumu. Jeep nyingi za vita zina rimu za vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa bolti, tairi likiwa limebanwa katikati. Ziko nati za aina mbili, zile zinazofunga gurudumu kwenye ekseli na zile zinazofunga rimu yenyewe, na mtu akifungua hizi za pili tairi likiwa na upepo, nusu ya rimu humrukia kwa nguvu ya kuua. Toa upepo wote, chomoa na sindano ya valvu, ndipo uguse chochote. Na kwa kuwa tupo hapo, jua kwamba nati za magurudumu ya upande wa kushoto wa Jeep zina hesi za kinyume, yaani hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao nati nyingine hukazwa. Nimeona mtu mzima, mwenye akili zake, akining'inia kwenye spana hadi bolti tatu zikakatika. Tairi za zamani na rimu zenye ringi ya kufungia, kama za malori, zipelekwe kwa mtu mwenye kizimba cha chuma cha kujazia upepo.

Kuna hatari nyingine ambazo hazionekani kwa macho. Lainingi za breki, klachi na gasketi za enzi hizo zilikuwa na asbesto, kwa hiyo usizipulize vumbi kwa kompresa yako. Lowesha, futa kwa kitambaa, na utupe kitambaa kwa utaratibu wa mahali ulipo. Baadhi ya mita za kijeshi zilipakwa rangi yenye radiamu ili zisomeke gizani. Mwanga wake umekufa zamani kwa sababu kemikali inayong'aa imechoka, lakini mionzi ingalipo, maana radiamu hupungua nusu kwa miaka ipatayo 1,600. Mita iliyofungwa na kioo kizima haina shida kubwa; usiifungue, usiikwangue, na kama kioo kimevunjika tafuta wataalamu wa mionzi. Mwisho, pekua kila kisanduku na kila pembe kabla ya kuanza kufungua. Mwaka 2017 nchini Uingereza, mkusanyaji mmoja alifungua tangi la mafuta la kifaru alichonunua akikuta humo vipande vitano vya dhahabu, na hadithi hiyo imewafanya wengi wapekue kwa tamaa. Kinachoweza kukutwa mara nyingi zaidi ni risasi. Ukiona risasi au kitu usichokitambua, usikisogeze. Ondoka, uite polisi.

Rangi sasa, na hapa natofautiana nawe kabisa. Kwanza, kupiga mchanga. Mchanga unaotupwa kwa kasi hugonga bati jembamba kama nyundo elfu ndogo, uso mmoja ukatanuka kuliko mwingine, na boneti iliyokuwa imenyooka ikarudi ina mawimbi yasiyonyooshwa tena. Chembe nyingine huingia kwenye ile mifereji ya sakafu na kukaa humo zikishika unyevu. Fremu, ekseli na rimu zinavumilia. Bodi isafishwe kwa kemikali za kutoa rangi na msasa, tena kwa barakoa ya kweli, kwa kuwa rangi na praima za zamani huweza kuwa na sumu za madini ya risasi na kromati.

Lakini kabla ya kutoa rangi yoyote, tafadhali simama kwanza. Chini ya kijani unachokiona huenda kuna tabaka tano au sita, na mojawapo ni ile iliyotoka kiwandani. Ubavuni mwa boneti ndipo jeshi la Marekani liliandika namba ya usajili, ambayo kwa Jeep huanza na 20, na kwenye bampa ndipo palipoandikwa kikosi. Chukua msasa laini wa maji, sugua taratibu kwa duara ndogo, tabaka moja baada ya jingine, na mara nyingi namba hizo huibuka kama maandishi kwenye karatasi iliyolowa. Piga picha kila hatua ukiweka rula pembeni. Hilo ndilo cheti cha kuzaliwa cha gari lako, na mchanga wa kompresa hulifuta kwa dakika 2. Gari linaweza kupakwa rangi mara 20, lakini rangi ya kwanza ni moja. Ukikuta sehemu nzima ya rangi hiyo imesalimika, chini ya kiti au ndani ya kisanduku cha vifaa, iache kama ilivyo hata kama utapaka kwingine kote.

Pili, kung'aa hakuzuii kutu. Kinachozuia kutu ni chuma kilichosafishwa vizuri na praima iliyoshika. Rangi ya juu ni vazi. Jeep za vita zilipakwa kijani kisichong'aa kwa sababu bati linalometameta huonekana kutoka angani, na ukiing'arisha utakuwa na gari jipya lenye umbo la kizamani. Paka rangi isiyong'aa juu ya praima nzuri, na ndani ya mifereji mimina nta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa maji na sabuni laini tu, kwani nta ya kung'arishia huacha madoa yasiyotoka.

Kuhusu kuhifadhi, adui ni unyevu kuliko baridi au joto. Chuma hushika kutu upesi pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 60 hivi, na turubai la plastiki lililofunikwa moja kwa moja juu ya gari hufuga unyevu huo badala ya kuufukuza. Usiiwashe kwa dakika 5 kila mwezi ukidhani unaitunza. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa umbo la mvuke, na injini isipopata joto kamili, maji hayo hubaki kwenye bomba la moshi na kwenye oili. Ama iendeshe nusu saa hadi ipate moto vizuri, ama iache ilale.

Lori ni zuri, nami nalipenda, lakini liache. GMC lile lina uzito wa tani 4 hivi likiwa tupu, matairi 10, injini ya lita 4.4 inayokunywa lita 30 na zaidi kwa kilomita 100, na kila kipande chake kinahitaji watu wawili na winchi. Ngoma za breki huzibebi peke yako, leseni yako huenda isikuruhusu kuliendesha, na banda la kulilaza ni gharama kuliko lenyewe. Jeep ina urefu wa mita 3.3 na uzito wa kilo 1,100 hivi. Mtu mmoja mwenye subira, kama unavyojieleza, anaitosha.

Kabla ya kulipa, andika namba ya fremu kwa mkono wako na uipeleke katika ofisi ya usajili wa magari ya mahali ulipo, uulize mambo mawili: kama gari linasajilika, na kama sheria inaruhusu gari la kiraia kuwa na rangi na alama za kijeshi, maana nchi hazilingani katika hili. Kama kuna kishikio cha bunduki, ulizia nacho polisi. Na ukikuta mahali pa namba pamekwanguliwa au pamechomelewa bati jipya, usitoe hata arubuni mpaka muuzaji akuonyeshe karatasi zinazoeleza sababu.